Kibo Art Gallery: Sanaa Iliyorudi Mlimani

Katikati ya miaka ya 1960, mchoraji Elimo Njau alianzisha Kibo Art Gallery kwao, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Nia yake ilikuwa kuipeleka sanaa walikokuwa wakulima wa kahawa na migomba, wasiingoje mjini.

Njau alizaliwa Marangu mwaka 1932, akasomea sanaa Makerere katika shule iliyoasisiwa na Margaret Trowell. Sam Ntiro wa Machame, aliyechora maisha ya Wachagga, alikuwa amemtangulia huko. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Njau alichora kuta za kanisa la kumbukumbu mjini Murang'a, Kenya. Humo Yesu ni Mwafrika, anazaliwa kwenye vilima vya Wakikuyu.

Mwaka 1965 Njau, mwandishi Rebeka Njau na wenzao walifungua Paa ya Paa jijini Nairobi. Kibo ikawa na ndugu wa mjini. Kabla ya hapo Njau alisimamia uchoraji katika kituo cha utamaduni cha Chemchemi, kilichoongozwa na Ezekiel Mphahlele. Hapo ndipo alipochipukia Hezbon Owiti, kijana wa Nyanza aliyejulikana kwa picha za kuchapa kwa ubao na lino.

Kazi hiyo haidai mtaji mkubwa. Msanii huchonga ubao na kuacha mistari anayoitaka ikiwa imeinuka, hupaka wino, hulaza karatasi juu yake, kisha husugua kwa mgongo wa kijiko. Ubao mmoja hutoa karatasi nyingi, hivyo hata mwenye kipato kidogo anaweza kutundika picha sebuleni.

Njau alipiga marufuku kunakili. Alisema kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Marufuku hiyo haikumgusa mchapaji: karatasi zake zote hutoka kwenye ubao aliouchonga mwenyewe. Iliwalenga wanaorudia wazo la mwingine kwa sababu mtalii amelinunua.

Moto wa mwaka 1997 uliteketeza kazi nyingi za Paa ya Paa. Hoja ya Kibo, ya kutonakili, haikuungua. Leo maduka ya Moshi yamejaa mlima uleule, twiga walewale, Wamasai walewale. Kuwaenzi waasisi ni kumpa kijana wa Marangu ubao na patasi, kisha kumwuliza yeye anaona nini.