Faida ya Kampuni Huzaliwa Wapi? Hoja kutoka Garsen

Ng'ombe akiuzwa katika soko la mifugo la Garsen, Kaunti ya Tana River hutoza ushuru wake papo hapo. Mfugaji aliyemuuza akinunua salio la simu au akikatwa ada na benki, faida inayopatikana haiihusu kaunti kwa lolote. Kifungu cha 209 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimeikabidhi serikali ya kitaifa peke yake kodi ya mapato. Kaunti zikaachiwa kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani na ada za huduma. Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida yake kwa Mamlaka ya Mapato (KRA) bila kulazimika kueleza ni kaunti gani iliyoizalisha.

Wapo wanaodai kodi hiyo ibaki ilikochumwa. Kwa Tana River, dai hilo ni la hatari.

Marekani imelijaribu kwa muda mrefu. Sheria ya mfano ya 1957 iligawa faida ya kampuni baina ya majimbo kwa vipimo vitatu vyenye uzito sawa: mali, mishahara na mauzo. Baadaye majimbo yakazidi kuegemea mauzo, kwa kuwa jimbo linalohesabu mali na mishahara humtoza zaidi mwajiri aliyewekeza kwake. Mwaka 1978, katika kesi ya Moorman, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliiruhusu Iowa kutumia mauzo pekee. Ujerumani, kwa upande wake, hugawa kodi ya biashara baina ya manispaa kwa kufuata mishahara.

Tuvilete vipimo hivyo Garsen. Makao makuu, maghala na mishahara minono viko Nairobi na Mombasa, kwa hiyo viwili vya kwanza havitupi kitu. Mauzo yangetufaa kidogo, lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika kaunti nzima, wasiozidi tisa kwa kila kilomita mraba. Tena mwenye duka akinunua unga na sukari kwa jumla Malindi, mauzo ya kiwanda yatahesabiwa Malindi.

Kapu moja la taifa linatulinda zaidi. Mwaka 2020, baada ya mvutano mrefu kuhusu kaulimbiu ya mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, Seneti ilipitisha kanuni ya kugawia kaunti fedha za kapu hilo, iliyoipa idadi ya watu asilimia 18, umaskini 14 na ukubwa wa ardhi 8. Kanuni kama hiyo huutambua umbali wa mgonjwa na zahanati. Hesabu za faida haziwezi.

Hata hivyo kapu hilo lina tundu, nalo ni maji. Mabwawa matano ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yanazalisha umeme kwa maji ya Mto Tana kabla hayajatufikia. Yamebadilisha majira ya mafuriko, ambayo Wapokomo waliyategemea kwa kilimo cha kingoni na Waorma kwa malisho ya kiangazi. Mitambo na wafanyakazi wako kwingine, na karibu wateja wote pia. Tumia kipimo chochote kati ya vile vitatu: fungu la Tana River ni karibu sufuri, ilhali hasara iko hapa.

Kwa hiyo chombo kinachofaa ni mrabaha, na mfano tunao nyumbani. Sheria ya Kawi ya 2019 inagawa mrabaha wa mvuke wa ardhini: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali. Umeme wa maji haukupewa mgao wa namna hiyo. Bunge liirekebishe sheria hiyo, mrabaha utozwe kwa kila uniti inayozalishwa mtoni, faida iwe imepatikana mwaka huo au la, na fungu la kaunti lisiishie penye kuta za mabwawa bali lifuate mto hadi mlangoni mwake, Kipini.