Sukari ya Mimba: Unajiskia Fiti, Kumbe Damu Inasema Kitu Ingine

Kama uko na mimba, lazima ushaambiwa: "Kula bana, sasa mko wawili." Unaongezewa chapo ya tatu, soda baridi inafuata, na hakuna anayekukataza. Shida ni kwamba kuna kitu inaitwa sukari ya mimba, na hiyo haipigi hodi. Haiumi. Kiu na kukojoa kila saa? Mimba yenyewe huleta hayo, kwa hivyo huwezi shtuka.

Na si eti ulikula keki mob ukiwa mtoto. Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni, hutoa homoni ambazo hufanya insulini yako ilegee kazi. Insulini ndiyo hutoa sukari kwa damu na kuiingiza mwilini itumike. Kwa mamathe wengi, kongosho huongeza bidii na mambo yanaenda poa. Kwa wengine linalemewa, na sukari inabaki ikirandaranda kwa damu. Ndio maana kipimo hufanywa wiki ya 24 hadi 28, wakati homoni zimepanda. Lakini kama mzazi au ndugu yako ako na kisukari, uzito wako uko juu, ulishawahi zaa mtoto wa kilo 4 kwenda juu, au hii sukari ilikupata mimba iliyopita, sema siku ya kwanza kliniki upimwe mapema.

Hapa sasa ndio wengi huteleza. Unapeleka ile chupa ya mkojo, unaambiwa uko sawa, unaenda home ukijua umepita. Zii. Mkojo unaweza kuwa safi na damu iko juu. Kipimo chenyewe ni hivi: unalala bila kula angalau saa 8, unatolewa damu asubuhi, unakunywa gramu 75 za glukosi kwa maji (tamu mpaka inakera), unatolewa damu tena baada ya saa 1 na saa 2. Kaa hapo hapo, usizurure. Kwa viwango vya WHO, ukifika 5.1 kabla ya kula, au 10.0 baada ya saa 1, au 8.5 baada ya saa 2, hata moja tu kati ya hizo, uko nayo.

Na mbona presha yote hii? Sukari yako inavuka kwenda kwa mtoto, lakini insulini yako haivuki. Mtoto analazimika kutengeneza yake, anaitengeneza mingi, ananona, hasa mabegani. Siku ya kuzaa bega linaweza kukwama, na hiyo ni noma kwenu wote. Presha ya mimba pia hupenda kufuatana na hii kitu, na ikiachwa bila kushughulikiwa mtoto anaweza hata kufia tumboni. Halafu kitovu kikikatwa, sukari kutoka kwako inaisha ghafla na insulini ya mtoto bado iko juu, kwa hivyo sukari yake inaanguka. Ukiona nesi akimdunga mtoi kisigino, usimkasirikie, anaangalia hiyo. Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza.

Habari poa ni kwamba wengi huiweka chini na sahani tu. Si kujinyima, na usiruke mlo. Ugali haujafukuzwa, ila upunguze ukae kama ngumi yako. Nusu ya sahani iwe sukuma, managu ama kabeji, na pale pengine weka madondo, ndengu, omena ama mayai. Chai bila sukari (tunajua, hapo ndio kunauma). Juisi hata ukikamua mwenyewe bado ni sukari, afadhali utafune tunda lenyewe. Ukimaliza kula, tembea dakika 10 au 15, hata kama ni kwenda dukani na kurudi.

Ukipewa mashine ya kupima, lengo la kawaida ni chini ya 5.3 asubuhi kabla ya kula, na chini ya 7.8 saa 1 baada ya mlo. Ikikataa kushuka kwa wiki moja au mbili, daktari anaweza kukuanzishia metformini au insulini. Kuna story mtaani ati ukianza insulini hutoki. Wengi huiacha wakishazaa. Cha kujua tu ni kwamba ukiitumia, sukari inaweza kushuka sana: ukianza kutetemeka na kutoka jasho, kunywa nusu glasi ya soda haraka, halafu upime. Na siku yoyote mtoto akipunguza kucheza tumboni, usingoje kesho, enda hospitali.

Ukishazaa, sukari hii kwa kawaida huisha, lakini uwezekano wa kupata kisukari cha kudumu baadaye unabaki juu. Unafaa kupimwa tena kati ya wiki ya 6 na ya 12. Chanjo ya mtoto ya wiki 6 utaenda tu, kwa hivyo uliza mapema kama wanaweza kukupima siku hiyo hiyo, ujue kama utaenda bila kunywa chai.