Foto za Kale za Parokia Yetu



Tulipotayarisha kitabu hiki cha Jubile, tuliweka mezani foto za zamani, zote za nyeusi na nyeupe. Wengine kati yetu walitaka tuchapishe zile safi tu. Tunaona vema kueleza kwa nini tulikataa.

Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mji wetu wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya machimbo yake ya magharibi. Kompani ilifanyiza foto nyingi: nyumba za kambi zimepangwa mstari, wafanyakazi wamesimama wima. Zilikuwa safi, lakini mara nyingi majina ya watu hayakuandikwa. Mwaka 2006 Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alimaliza kazi yake iitwayo « Mémoire ». Aliwatoa wafanyakazi hao katika foto za kale, akawaweka, wakiwa bado bila rangi, mbele ya foto za rangi za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa. Wale waliosimamishwa kwa sifa ya kompani sasa wanatuangalia sisi.

Foto zetu ni za namna nyingine. Moja, ya siku ya ubatizo, ina ukungu upande wa kushoto. Aparei za zamani zilitaka watu wasitikisike, lakini mama mmoja aligeuka kumshika mtoto, na sura yake ikapotea. Nyuma yake kuna beseni ya unga iliyofunikwa kitambaa. Mpiga-foto hakuitafuta beseni ile. Lakini kwa hiyo tunajua kwamba siku ile watu walikula pamoja, jambo ambalo vitabu vya parokia havikuandika. Foto nyingine ina alama ya kukunjwa: ilifichwa ndani ya nguo wakati wa vita vya Mei 1978, wazazi wetu walipokimbia. Alama hiyo nayo ni historia.

Bibi mmoja mzee alimtambua mama yule asiye na sura, kwa namna alivyofunga kitambaa chake cha kichwa. Jina tukaliandika nyuma ya foto. Mwezi uliofuata, bibi akafariki.

Basi tunawaomba: leteni foto zenu, hata zilizoliwa na mende, na mwandike majina nyuma kwa kreyo, maana wino unapenya karatasi. Anzeni na zile ambazo wanaozifahamu wamebaki wachache.