Simu Moja, Namba Mbili

Somo la leo ni la historia, lakini halihusu wafalme wala vita. Linahusu kitu ambacho wengi wenu mnacho mfukoni hivi sasa, yaani simu ya laini mbili. Masikio ya mtu ni mawili, lakini mdomo wake ni mmoja. Basi kwa nini mtu huyo awe na namba mbili za simu?

Wako wasemao ati ni fahari tu. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu mtazisikia.

Wazee watakumbuka kuwa zamani simu ilikuwa ya waya, nayo ilikuwa mali ya mahali, si ya mtu. Namba ilikuwa ya posta, au ya misheni, au ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Hata simu za mkononi zilipoingia Tanzania mwaka 1994, zikiletwa na kampuni ya Mobitel, zilikuwa za watu wachache wa mjini. Katika simu za mkononi za aina ya kwanza duniani, namba ilitiwa ndani ya chombo chenyewe. Ukinunua chombo, umenunua na namba yake.

Mwaka 1991, katika nchi ya Finland, ilianza kutumika aina mpya ya simu. Katika aina hiyo namba ilifungwa na kadi ndogo ambayo huweza kutolewa na kutiwa katika simu nyingine. Kadi hiyo ndiyo inayouambia mnara, "Mimi ni fulani." Sisi tunaiita laini. Tangu hapo simu ikawa kitu kimoja, na namba ikawa kitu kingine. Tafadhali likumbukeni jambo hili, maana bila hilo somo letu la leo lisingekuwapo.

Kampuni nazo zikaongezeka. Zantel ilianza Zanzibar mwaka 1999, Vodacom ikaja mwaka 2000, na Celtel mwaka 2001. Majina yamebadilika sana. Celtel iliitwa Zain, kisha Airtel. Mobitel iliitwa Buzz, kisha Tigo, na tangu mwaka 2024 inaitwa Yas. Halotel, yenye asili ya Vietnam, ilianza mwaka 2015. Ushindani huo ulikuwa na faida, lakini kila kampuni ilijenga uzio wake.

Uzio wa kwanza ulikuwa minara. Fikirini habari za Runzewe, iliyokuwa katika Mkoa wa Shinyanga mpaka Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Ipo kando ya barabara kuu itokayo Kahama, ambako malori ya Rwanda na Burundi hupita. Barabarani mtandao hupatikana upesi, kwa sababu kampuni hupenda kujenga penye watu na fedha. Lakini mchimbaji mdogo hufuata dhahabu, na dhahabu haikujipanga kwa kufuata minara. Akihamia kwenye maduara mapya porini, huenda akakuta laini yake imekufa, na ya mwenzake inasikika vizuri. Afanye nini? Hununua laini ya pili.

Uzio wa pili ulikuwa bei, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa watu wengi hawakuelezwa jambo hili. Ukimpigia mtu wa kampuni nyingine, kampuni yako huilipa kampuni ya mwenzako ada kwa kila dakika, kwa kuipokea simu yako. Ada hiyo ilikuwa kubwa, ikazidi shilingi 100. Kwa hiyo kupiga ndani ya mtandao mmoja kulikuwa rahisi, na kuvuka kwenda mtandao mwingine kulikuwa ghali. Mtu mwenye mke katika mtandao mmoja na tajiri wake katika mtandao mwingine aliona ni nafuu awe na laini zote mbili. Mamlaka ya Mawasiliano, iitwayo TCRA, iliiteremsha ada hiyo hadi shilingi 34.92 mwaka 2013, kisha 15.60 mwaka 2018, mpaka ikafika shilingi 2 mwaka 2022.

Uzio wa tatu ulikuwa fedha. M-Pesa ya Vodacom ilianza Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata na huduma zao. Lakini kwa miaka kadhaa fedha za mtandao mmoja hazikuingia moja kwa moja katika akaunti ya mtandao mwingine. Ni mwaka 2014 ndipo Tigo, Airtel na Zantel zilipokubaliana kufungua njia, na Vodacom ikaingia baadaye.

Kabla ya simu za laini mbili, watu waliteseka. Kadi zilifungwa katika pembe ya kanga, au zikawekwa ndani ya pochi. Ukitaka kubadili laini, ulizima simu, ukafungua mgongo, ukatoa betri, ukatoa kadi. Na kadi ile ni ndogo kama ukucha. Ikianguka gizani imepotea. Wengine walibeba simu mbili, moja kila mfuko.

Ajabu ni kwamba simu ya laini mbili ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Kampuni ya Benefon ya Finland ilitoa moja mwaka 2000, jina lake Twin, yaani pacha. Haikuenea. Huko Ulaya wengi hawakuona haja yake. Walioiona haja ni watu wa Afrika na Asia, na waliowasikia mapema ni Wachina. Kampuni ya Transsion, iliyoanza mwaka 2006, ilileta Afrika simu za Tecno na itel, na laini mbili ndiyo ikawa sifa yake kubwa. Nokia, iliyokuwa mfalme wa simu wakati ule, ilitangaza simu zake za C1-00 na C2-00 mwaka 2010. Na hata hiyo C1-00 ilikuwa na nafasi mbili za kadi, lakini laini moja tu ndiyo iliyoweza kuwa macho. Wakubwa walichelewa kwa sababu hawakumtazama mtu anayebadili kadi kibandani.

Je, simu hizi hufanyaje kazi? Nyingi zina kadi mbili, lakini chombo cha kuzungumza na mnara ni kimoja. Ni kama mkulima mwenye mashamba mawili na jembe moja. Huyapitia yote mawili, lakini akiwa analima hapa, kule hakulimwi. Ndiyo maana, katika simu nyingi, ukizungumza kwa laini ya kwanza, anayekupigia kwa ile ya pili huambiwa hupatikani. Usimlaumu mwenzako upesi ati amekuzimia simu.

Serikali nayo ilitaka kujua nyuma ya kila namba yuko nani. Usajili wa laini ulianza mwaka 2009, na sheria ya mwaka 2010 ikautilia nguvu. Mwaka 2019 ukaanza usajili wa alama za vidole kwa kitambulisho cha Taifa. Mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020, na foleni za kutafuta namba ya NIDA zikawa ndefu kweli kweli.

Lakini desturi ya namba nyingi ilikuwa imempa mwizi mlango. Mnaujua ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Kwa nini watu waliuamini? Ni kwa sababu tulizoea kuwa ndugu mmoja ana namba mbili au tatu. Namba ngeni haikututia shaka. Tukasema, "Huyu ametumia laini yake nyingine."

Mwizi huyo naye anahitaji laini, na haipendi iwe kwa jina lake. Wako mawakala wasio waaminifu wanaomwambia mteja, "Mtandao unasumbua, weka kidole tena." Kidole cha pili husajili laini ya pili, ambayo mwenye kidole haioni. Polisi wakiifuata namba hiyo, jina watakalolikuta ni la mkulima ambaye hata duka hilo amelisahau.

Basi baada ya kipindi hiki, kila mwenye simu darasani abonyeze *106# kwa kila laini aliyo nayo, akiwa na namba yake ya kitambulisho. Atazame ni namba zipi zimesajiliwa kwa jina lake. Asiyeweza kusoma vizuri asomewe na mwanafunzi mwenzake anayemwamini, si na mtu wa barabarani. Akikuta namba asiyoijua, aende katika duka la kampuni hiyo akaikane. Na ujumbe wa matapeli upelekwe kwa namba 15040.