Kipaza Sauti, Kikuza Sauti na Spika: Majina Yaliyochelewa Kutengana

Tuchukulie kwamba mtu wa Kibondo amempelekea fundi wa Kasulu barua fupi: "Kipaza sauti changu kina kelele, na santuri zikipigwa sauti huwa ndogo. Naomba ushauri kabla sijakileta." Barua hiyo ni ya Kiswahili safi, haina kosa la sarufi wala la tahajia. Hata hivyo fundi hawezi kuijibu. Hajui kama kipaza sauti kinachotajwa ni kile akishikacho msemaji, au ni sanduku lenye vifundo, au ni lile litoalo sauti. Hajui kelele ni ya namna gani, wala kama redio nayo husikika kwa sauti ndogo. Basi hana budi kujibu, "Kilete," na mwenye chombo atalipa nauli ya safari ambayo huenda isingehitajika. Upungufu huo si wa mwandishi wa barua. Ni wa istilahi, nao una historia yake, ambayo tunakusudia kuieleza kwa ufupi katika makala haya.

Thomas Edison alitengeneza fonografu mwaka 1877, na miaka 10 baadaye Emile Berliner akabuni gramafoni ya kupigia sahani. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, gramafoni za nyumbani zilizo nyingi zilikuwa za kuzungushwa kwa mkono. Springi ilizungusha sahani, sindano ikatikisa kiwambo, na pembe ikaieneza sauti. Hapakuwa na waya wala umeme katika kazi hiyo. Chombo kilikuwa kimoja, na jina moja lilitosha. Wengine walikiita gramafoni, wengine kinanda, wengine santuri. Neno santuri asili yake ni jina la ala ya nyuzi ya Waajemi na Waarabu, igongwayo kwa vijiti. Kwetu likawa jina la mashine, na pia la sahani yenyewe. Jambo hilo halikuwa geni. Watu walikipa chombo kipya jina la ala, kwa sababu walichokijali ni muziki. Hata katika nchi ya Burundi, inayopakana na Kibondo na Kasulu, nanga ya nyuzi iitwayo inanga ingetosha kumwelewesha mzee kwamba sanduku linaloimba ni kinanda cha aina nyingine.

Umeme ulipoingia, chombo kile kimoja kiligawanyika. Tangu mwaka 1925 makampuni makubwa yalianza kurekodi kwa umeme, na baadaye kila kazi ikapata kifaa chake: kimoja hupokea sauti na kuigeuza kuwa umeme, kingine huukuza umeme huo, na cha tatu huurudisha kuwa sauti. Lakini mwananchi alivikuta vyote vitatu kwa pamoja, katika mkutano wa hadhara. Aliona msemaji mmoja akisikika na umati mzima, akasema kwamba kuna kitu kinachopaza sauti. Kitenzi kupaza kilikuwa tayari cha mwanadamu anayeinua sauti yake. Kikapewa kiambishi, tukapata kipaza sauti. Neno ni zuri, na umbo lake ni la Kiswahili hasa. Ila lilitungwa kwa sikio la msikilizaji wala si kwa mkono wa fundi, ndiyo maana likavifunika vifaa vitatu kwa mara moja.

Katika nyanda za juu za Kigoma kuchelewa huko hakukudhuru mapema, na sababu yake ni ya kifundi. Kwa miaka mingi Kibondo na Kasulu zilikuwa nje ya gridi ya Taifa. Chombo cha santuri cha springi hakina mvumo wa umeme, na kile cha betri hakiuchukui kutoka kwenye waya wa mtaani. Aidha, vyombo vingi vya zamani vilikuwa na sindano za fuwele au za kauri, ambazo hutoa umeme wa kutosha, hata nusu ya volti, bila kuhitaji msaada mkubwa. Baada ya santuri za stirio kuanza kuuzwa kwa wingi mwaka 1958, vilienea vyombo vya kutenganishwa vyenye sindano za sumaku. Sindano hiyo hutoa kama milivolti 5 tu, wakati redio au kinasa sauti hutoa milivolti mia kadhaa. Kwa hiyo tundu la santuri katika kikuza sauti lina sakiti yake ya kwanza, inayoukuza umeme huo mara 100 hivi. Tena, santuri huchongwa kwa kupunguza sauti nzito, na sakiti hiyo huzirudishia nguvu. Mvumo wa umeme wetu, ambao ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, huangukia palepale, ukakuzwa takriban mara 7 zaidi ya sauti za kati.

Hapo ndipo haja ya majina huanzia, kwani kila kelele ina chanzo chake. Mvumo wa mfululizo humwelekeza fundi kwenye waya wa ardhi, ambao mafundi huuita eathi, au kwenye waya wa ishara uliokatika kinga. Mchakacho, kama wa majani makavu, hutoka aghalabu katika sakiti ya kwanza. Mtatariko hutokana na vumbi katika mifereji ya santuri, au na kutu katika maungio. Vivyo hivyo, ukubwa wa sauti ni kile asikiacho mtu, ilhali kiwango cha ukuzaji ni uwiano wa umeme utokao na ule uingiao. Kama redio inasikika vizuri na santuri peke yake ina sauti ndogo na nyembamba, yamkini waya umechomekwa katika tundu la redio. Na kama upande mmoja tu una hitilafu, nyaya za kulia na kushoto zibadilishwe chombo kikiwa kimezimwa: hitilafu ikihama, imo katika chombo cha santuri au nyaya zake, ikibaki, imo katika kikuza sauti au spika.

Wapo watakaouliza kama neno moja kuwa na maana nyingi ni kosa. La, si kosa daima. Spika ni jina la kifaa na pia la kiongozi wa Bunge, wala hatujapata kumwona mtu akivichanganya. Ngeli yenyewe huvitenga, nasi hatuvikuti katika kazi moja. Hasara huja pale vitu viwili vyenye jina moja vinapokuwa juu ya meza moja, na fundi anatakiwa kufungua kimoja.

Kwa hiyo tunashauri kwamba wafasiri wa vitabu vya maelekezo na walimu wa ufundi waweke mipaka ya majina pale pale hitilafu inapoweza kutengwa. Kipaza sauti kibaki kwa kile kinachopokea sauti ya msemaji, kama wengi wasemavyo sasa. Kikuza sauti kiwe cha kukuza. Spika iwe ya kutoa sauti. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1967, lina wajibu wa kusanifu istilahi. Lakini istilahi iliyosanifiwa na isiyofika kwenye meza ya fundi ni sawa na barua isiyotumwa. Siku mtu wa Kibondo atakapoandika, "Kikuza sauti changu kina mvumo kwenye tundu la santuri tu," fundi wa Kasulu ataweza kumjibu, "Kaza waya wa ardhi kwanza," na chombo hakitasafiri.