Kaburi Tupu la Namirembe: Maombolezo, Imani na Kumbukumbu ya Umma nchini Uganda tangu 1977

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna Wakristo wa Uganda walivyoutafutia maana msiba wa Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa tarehe 16 Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Hoja kuu ni kwamba imani haikuwaondolea waombolezaji uchungu, bali iliwapa lugha ya kuutamka hadharani wakati ambapo kusema ukweli kuhusu vifo kulihatarisha maisha.

2.0 Usuli

Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, Acholi. Aliokoka mwaka 1948 kupitia uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Kenya na Tanganyika. Walokole walisisitiza toba ya hadharani, msamaha na ushirika unaovuka mipaka ya kabila. Mwaka 1974 alikuwa Askofu Mkuu wa jimbo la Kianglikana lililojumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire.

Mapema Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake usiku wakidai kutafuta silaha. Tarehe 10 Februari maaskofu walimwandikia Amin barua ya kulalamikia uvamizi huo na mauaji yaliyokuwa yakiendelea nchini. Siku sita baadaye Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba watatu hao walikufa katika ajali ya gari. Walioushuhudia mwili wa askofu Mucwini walikuta majeraha ya risasi.

3.0 Kaburi Tupu na Tafsiri Yake

Mwili ulizikwa kijijini, ilhali kaburi lililochimbwa Namirembe, jirani na la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885, lilibaki wazi. Jumapili ya tarehe 20 Februari waumini walifurika kanisani na kulizunguka. Kwa Mkristo, kaburi tupu ni habari ya Pasaka kabla ya kuwa habari ya polisi. Hivyo kitendo cha kuwanyima watu maiti kiliwapa ishara yenye nguvu kuliko jeneza.

Tafsiri hiyo ilikuwa na mizizi ya kihistoria. Mwaka 1977 Kanisa lilikuwa likiadhimisha miaka 100 tangu wamisionari wa Kianglikana wafike Buganda, na kumbukumbu ya wafiadini Waanglikana na Wakatoliki wa miaka ya 1885 hadi 1887 ilikuwa hai. Msiba mpya uliingizwa katika mnyororo uliokwishajulikana.

Askofu Festo Kivengere, aliyekimbilia Rwanda kwa miguu, alichapisha mwaka huohuo kitabu *I Love Idi Amin*. Kichwa hicho hupotosha kikisomwa peke yake. Kivengere hakuyahalalisha mauaji. Aliyasimulia kwa walimwengu. Kwake, kusamehe kulimaanisha kuukataa utumwa wa chuki, wala hakukuwa kibali cha kunyamaza. Barua ya maaskofu inathibitisha mpangilio huo: uovu ulitajwa kwanza, msamaha ukafuata.

Hata hivyo, tafsiri ya ufiadini ina mipaka. Humwinua mmoja na kuwaacha wengi kivulini. Mawaziri waliouawa pamoja na Luwum hawakumbukwi kwa kiwango hichohicho, na maelfu ya wahanga wengine, Waislamu wakiwemo, hawana kaburi linalojulikana, liwe tupu au lenye mwili.

4.0 Hitimisho

Tume ya uchunguzi iliyoundwa mwaka 1986 ilitoa ripoti yake mwaka 1994, na tangu 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya kitaifa. Kumbukumbu iliyotunzwa na waumini sasa imekuwa mali ya dola, jambo ambalo ni heshima na pia ni hatari, kwani dola huweza kuadhimisha msamaha bila kushughulikia ukweli. Makala haya yanapendekeza kwamba maadhimisho hayo yaambatane na ukusanyaji wa masimulizi ya familia zote zilizofiwa, makanisani na misikitini, kabla mashahidi waliosalia hawajafariki. Imani inaweza kumsaidia mfiwa kuubeba msiba wake. Haiwezi kuibebea serikali wajibu wa kusema nani aliuawa, wapi, na kwa amri ya nani.