Kantoni za Walutheri wa Volga

Mipaka ya serikali na mipaka ya sharika si lazima ilingane. Walutheri wa Kijerumani waliokaa kandokando ya mto Volga, nchini Urusi, walilijua jambo hilo kwa machozi.

Wahenga wao waliitikia mwaliko wa Malkia Katarina wa Pili wa mwaka 1763, uliowaahidi ardhi, uhuru wa kuabudu na kusamehewa utumishi wa jeshi. Kijiji cha kwanza, Dobrinka, kilianzishwa mwaka 1764. Vijiji viligawanywa kwa madhehebu, Waprotestanti mbali na Wakatoliki, hata mtu akitaja kijiji chake ilijulikana anasali wapi.

Mnamo Oktoba 1918 serikali ya Lenin iliwapa eneo la kujitawala, na mwaka 1924 likawa Jamhuri. Wilaya zake ziliitwa kantoni, neno litumiwalo na Waswisi. Mwaka 1922 zilikuwa 14. Kufikia mwaka 1941 zilikuwa 22, miongoni mwake Balzer, Frank, Dobrinka, Kukkus, Mariental na Marxstadt. Hiyo ya mwisho makao yake yalikuwa mji wa Katharinenstadt, ulionyang'anywa jina la malkia ukapewa la Marx. (Jengo la kanisa la Kilutheri lingali limesimama pale, lisijali majina.) Makao makuu ya Jamhuri yalihamia Pokrovsk mwaka 1922, mji uliogeuzwa jina mwaka 1931 ukaitwa Engels.

Watu hao walipewa mamlaka ya lugha na shule, lakini madhabahu yao yalivunjwa. Seminari ya wachungaji iliyofunguliwa Leningrad mwaka 1925 ilifungwa mwaka 1934, na kufikia mwaka 1938 Kanisa la Kilutheri nchini humo halikuwa tena na uongozi wowote. Kujitawala kwa namna hiyo kulikuwa kwa karatasi tu.

Hata karatasi hiyo haikudumu. Tarehe 28 Agosti 1941, Ujerumani ikiwa imekwisha kuivamia Urusi, ilitolewa amri ya kuwahamisha Wajerumani wote wa Volga kwenda Siberia na Kazakhstan, kwa shutuma ya kuficha wapelelezi. Tarehe 7 Septemba Jamhuri ikakatwa vipande: kantoni 15 zikatiwa katika mkoa wa Saratov, na 7 katika mkoa wa Stalingrad. Mwaka uliofuata Balzer ikaitwa Krasnoarmeysk, na Mariental ikaitwa Sovetskoye.

Mwaka 1964 serikali iliifuta shutuma ile, lakini hadi mwaka 1972 wenyewe hawakuruhusiwa kurudi, na kantoni hazikurudishwa kamwe. Huko uhamishoni, bila mchungaji wala jengo, akina mama na wazee waliendesha ibada majumbani kwa siri. Usharika wa kwanza kuandikishwa ulikuwa wa Akmolinsk, Kazakhstan, mwaka 1957, chini ya Mchungaji Eugen Bachmann, mbali sana na Volga.